Ngoma na Nyimbo Katika Arusi ya Mwislamu

Miongoni mwa maswali yaletwayo na ndugu walioingia karibuni katika Jumuiya, na hata na wale ambao wangali wakichungua, hili la muziki wa arusini huja mara nyingi kuliko mtu angalivyodhani. Wala haliji kama swali la elimu. Huja siku kumi kabla ya nikaha, wakati mama mzazi wa bwana arusi, ambaye si Mwahmadiyya, amekwisha sema kwamba arusi isiyo na ngoma ni matanga, na kwamba yeye hatahudhuria matanga ya mwanawe aliye hai. Hapo kijana hutaka apewe jawabu la neno moja: halali au haramu?

Jawabu la neno moja halitamfaa, kwani Mtume Mtukufu s.a.w. alipoikuta ngoma arusini hakujibu kwa neno moja. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Bibi Rubayyi binti Muawwidh r.a., asubuhi baada ya kuingizwa nyumbani kwa mumewe, alijiwa na Mtume s.a.w. akaketi. Wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwaimba wazee wao waliouawa siku ya Badr. Mara mmoja wao akaingiza maneno kwamba kati yao yuko Nabii ajuaye yatakayokuwa kesho. Mtume s.a.w. akamwambia aliache neno hilo, aendelee na yale aliyokuwa akiyasema kabla yake.

Ndugu msomaji, itazame habari hii polepole. Hakuwaambia waweke dufu chini. Hakuwafukuza wasichana. Hakukasirika kwa kuwa nyumba ina furaha. Lakini pia hakuketi kama mgeni ambaye muziki unampita masikioni. Alisikiliza maneno, na neno lililomtukuza yeye mwenyewe kupita kiasi, likampa elimu ya ghaibu ambayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, ndilo alilolikata. Mtu mwingine angalifurahi kusifiwa mbele za watu.

Na kuna habari nyingine, pia katika Bukhari. Bibi Aisha r.a. alimpeleka bibi arusi kwa mumewe, naye alikuwa mtu wa Ansari, yaani wenyeji wa Madina. Mtume s.a.w. akamwuliza kama hawakuwa na pumbao lolote, kwa kuwa Ansari walikuwa watu wapendao pumbao. Basi yule aliyetumwa kwa walimwengu wote alijali desturi ya watu wa mji mmoja katika siku yao ya furaha. Mwenye kuifanya arusi iwe kavu na baridi, kisha akasema hiyo ndiyo dini, ajiulize ameipata wapi.

Tena dufu lilikuwa na kazi. Katika Tirmidhi, Nasai na Ibn Maja imesimuliwa kwamba kitenganishacho halali na haramu katika jambo hili ni dufu na sauti. Zinaa hujificha, nikaha hutangazwa, mtaa mzima ujue kwamba binti wa fulani sasa ni mke wa fulani, na mtoto atakayezaliwa asinong'onwe. Vigelegele vya mama zetu, matari ya pwani, na vugo, zile pembe wanazozigonga wanawake wa Lamu na Mombasa, vyaweza kuifanya kazi hiyo hiyo. Huko Punjab wanawake hupiga dholki, nayo si Uislamu zaidi ya tari letu. Desturi haitakasiki kwa sababu tu imetoka nchi aliyozaliwa Masihi Aliyeahidiwa a.s.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapo ndipo penye hatari.

Anaposomewa bwana arusi hotuba ya nikaha, husomwa aya za sura An-Nisa, Al-Ahzab na Al-Hashr, na katika hizo Mwenyezi Mungu anakariri amri ya kumcha Yeye. Katika zile za Al-Ahzab (33:71-72) waumini wanaagizwa waseme neno lililonyoka, nao wataahidiwa kutengenezewa matendo yao na kusamehewa dhambi. Ndiyo ahadi wanayofunguliwa nayo maisha ya ndoa. Kisha saa moja baadaye kipaza sauti kinafunguliwa, na linalotoka humo ni neno la namna gani?

Wengi wetu twaijua taarab. Ililelewa Unguja tangu zama za Sultani Barghash. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Na Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliipeleka mbali kwa Kiswahili. Humo mna mashairi yenye hekima, na asiyekiri hivyo hakuyasikiliza. Lakini kuna mipasho, nyimbo za kumchoma mtu kwa mafumbo, ambazo katika taarab ya kisasa ndizo zinazoitwa kwa shangwe. Mwanamke huinuka na noti mkononi, huenda kumtunza mwimbaji huku akimtazama jirani yake, na kila aliyepo ajua nani anaambiwa. Kurani Tukufu katika sura Al-Hujurat (49:12) imekataza watu wasiwadharau watu, kisha ikawataja wanawake mahususi wasiwadharau wanawake, na ikakataza kusingiziana na kuitana majina mabaya. Jirani yule amealikwa. Amekuja na zawadi yake. Anarudi nyumbani akilia, na pengine asikanyage tena mlango ule miaka kumi. Kwangu mimi jambo hili ni zito kuliko idadi ya nyuzi za gambusi.

Nyimbo za uchafu sina haja ya kuzieleza. Mtu asiyeweza kuufasiri wimbo mbele ya baba mkwe wake asiupige mbele ya binti yake. Na kucheza wanaume na wanawake pamoja hakuhitaji fatwa mpya.

Wako watakaotukumbusha Hadithi ya Bukhari juu ya watu watakaohalalisha zinaa, hariri, ulevi na ala za muziki. Sisi hatuikwepi. Yatazameni tu mambo ambayo ala zimetajwa pamoja nayo, kisha ziangalieni sherehe nyingi za mijini usiku wa manane: muziki umeandamana na hayo hayo. Ndiyo maana mwenye tahadhari hutosheka na dufu na sauti.

Wala asidhani mtu kwamba Jumuiya yetu huchukia ushairi. Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. alitunga shairi la dua mwaka 1897, mwanawe Mahmud alipohitimu kuisoma Kurani. Nalo husomwa kwa sauti nzuri, bila ala, hadi leo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mubashiri wetu aliyefariki mwaka 1964, ndiye aliyewaandikia Waswahili kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Lakini huyo huyo Seyidna Ahmad a.s., katika sharti la sita la baiati, ametutaka tujiepushe na kufuata mila na matamanio, tujitie chini ya hukumu ya Kurani. Aliyetoa baiati amelikubali hilo hata siku ya arusi yake.

Jingine nalitaja kwa uchungu. Zipo arusi ambamo wapigaji hulipwa taslimu kabla hawajashusha vyombo garini, ilhali mahari ya bibi arusi yameandikwa kuwa deni. Mtume s.a.w. alimhimiza Abdurrahman bin Auf r.a. afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, bendi hakuitaja.

Basi kijana wetu amwendee mama yake mapema, akiwa mnyenyekevu, asimwendee na neno haramu mdomoni. Amwulize ni nyimbo zipi zilizoimbwa siku alipoolewa yeye. Mara nyingi ataimbiwa nyimbo za kumwombea bibi arusi uzazi na subira, na za kumsifu baba aliyemlea. Amwombe yeye na shangazi waziimbe hizo, kwa matari, upande wa wanawake, baada ya nikaha na dua. Likitokea neno lisilofaa katikati ya wimbo, shangazi mmoja mwenye heshima aambiwe tangu mapema kwamba kazi yake ni kusema: hilo liacheni, endeleeni na yale ya kwanza.