Mara ya Mwisho Kusema "Mtandao Unasumbua"

Hebu hesabu. Mwaka huu umeshasema mara ngapi, "Samahani jamani, mtandao unasumbua"? Umemwambia bosi, umemwambia mteja, umewaambia wenzako kikaoni sura yako ikiwa imeganda mdomo wazi. Umemwambia hata shemeji ambaye hukutaka tu kuzungumza naye, ila huyo tumwache.

Mimi mara yangu ya mwisho ilikuwa Makambako. Nafundisha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya video, na siku hiyo nilikuwa njiani kwenda Songea msibani. Gesti ilikuwa safi, maji ya moto yapo, na ukutani mapokezi wamebandika karatasi: WAIFAI BURE. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Saa mbili usiku mwanafunzi wangu, aliyeko Ujerumani, alikuwa ameshakaa anasubiri somo la ngeli, na waifai ilikuwa imeishia mlangoni. Nikahamia kitandani, nikahamia sakafuni, mwisho nikapanda stuli karibu na kidirisha cha bafuni. Hapo ndipo vimistari vitatu vikatokea. Nilifundisha dakika kumi na moja nikiwa juu ya stuli, laptopu imekaa mkononi kama sinia la harusi. Kisha ikakata. Alichobaki nacho mwanafunzi ni "umoja ki-, wingi..." basi. Wiki iliyofuata hakurudi.

Usiku ule niliilaumu gesti. Asubuhi, ndani ya basi, nikaacha. Gesti inauza kitanda. Waifai yao ni kama ile sabuni ndogo ya kwenye kikaratasi: ipo, unaishukuru, lakini hakuna anayepanga safari akiitegemea. Aliyeahidi somo ni mimi.

Seremala akiitwa kazini kijijini hafiki akauliza kama mwenyeji ana randa. Mpishi wa shughuli anakuja na mwiko wake, na ukimpa wa kwako anautazama kwa huruma. Ni sisi tu, tunaokula kwa intaneti, tunaosafiri mikono mitupu, na hata salamu haijaisha tumeshauliza, "Paswedi ya hapa?" Wewe mhasibu unayefunga vitabu vya watu ukiwa safarini, wewe mhariri wa video, wewe binti wa chuo mwenye usaili wa mtandaoni kesho: beba randa yako!

Randa yenyewe ni ruta ya safari. Haizidi kipande cha sabuni ya mche kilichotumika nusu, na nyingi zinakula umeme wa chaja ya simu au pawabenki. Inadaka intaneti inapoikuta, iwe waifai ya gesti, waya uliotoka ukutani au simu yako uliyoichomeka kwa kebo, kisha inaigawa upya kama mtandao wako, wenye jina ulilolichagua na paswedi yako mwenyewe. Laptopu, simu na tableti ya mtoto zinaujua mtandao mmoja tu. Ulale Iringa, ulale Mombasa, ulale Kigali, unayempa paswedi ya mwenyeji ni ruta peke yake. Wengine wanajiunga kama wako sebuleni kwao.

Najua unachowaza: hayo ni mambo ya mafundi. Si kweli, na nitakuthibitishia kwa Jumamosi moja na kikombe cha chai. Chomeka kifaa. Kigeuze tumbo juu, utaona kijikaratasi chenye jina la mtandao, paswedi na anwani. Jiunge kwa simu, andika anwani hiyo kwenye kivinjari, na ukurasa wa mipangilio utafunguka. Kabla ya yote badilisha paswedi mbili, ya waifai na ya mipangilio, maana za kiwandani zinajulikana. Kisha ingia sehemu ya ripita, iambie itafute mitandao ya jirani, chagua wa nyumbani kwako. Ukivuruga, kuna kitufe kidogo cha kurudisha upya. Kibonyeze sekunde kadhaa, uanze tena. Mimi nilikibonyeza mara nne. Hakuna aliyekufa. Ila fanya hayo nyumbani, wiki nzima kabla ya safari. Usiyajaribu gesti dakika tano kabla ya kikao, halafu ukaja kunilaumu.

Jambo moja la kiufundi nakuomba ulishike, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Ruta inazungumza kwa masafa mawili. Yale ya 2.4 GHz yanapenya kuta na kufika mbali, lakini mwendo wake ni wa taratibu. Ya 5 GHz yana kasi, lakini ukuta wa tofali yanauheshimu. Ruta nzuri inayo yote mawili: unadaka kwa moja, unagawa kwa jingine. Kwenye chumba cha mwisho cha korido, daka kwa 2.4, gawa kwa 5. Ile ya bei ya chini kabisa yenye 2.4 peke yake inadaka na kugawa kwa njia ile ile, yaani inasikiliza na kusema kwa zamu, na kasi inaweza kushuka karibu nusu. Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue ukiwa Nairobi, uliza kwanza: ina masafa mawili? Ina tundu la waya? Inapokea intaneti ya simu kwa kebo? GL.iNet na TP-Link ni kati ya wanaozitengeneza. Rangi nzuri achana nayo.

Nisikuuzie uchawi. Kisima kikikauka, ndoo kubwa haisaidii, na ruta haizalishi intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Afrika Mashariki ilikwama, na siku kama ile kuomba radhi ni halali. Lakini siku hizo ni chache. Nyingi ni za mawimbi yaliyokwama ukutani, na za gesti mbovu ambapo ungeweza kuhamia bando lako, ukiwa na laini za kampuni mbili tofauti. Angalizo moja la bando: laptopu inaiona ruta yako kama waifai ya kawaida, inaweza kuanza kujisasisha kimyakimya na kumaliza gigabaiti zako zote. Iambie kwenye mipangilio kwamba mtandao huu unapimwa. Na kuhusu VPN, ambayo ruta nyingi za aina hii zinayo ndani: Tanzania, mwezi Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitaka wanaoitumia wajisajili, kwa hiyo jua sheria ya unakokwenda kabla ya kuiwasha.

Kama unasafiri mara mbili kwa mwaka na kazi yako ni kujibu WhatsApp, hotispoti ya simu inakutosha. Hela yako nunua viatu. Nasema na wewe ambaye mteja akikukosa jioni moja, mwezi huo kodi ya nyumba inayumba. Umeshalipa bei ya ruta hii mara ngapi, kwa kazi zilizokuponyoka?

Nilirudi Songea kwa arobaini. Njiani nikalala Makambako, gesti ile ile, na kwa ubishi nikaomba chumba kile kile cha mwisho. Nikaingia bafuni, nikapanda stuli, nikaipachika ruta kwenye kidirisha pamoja na pawabenki, nikashuka. Waifai yao siku hizi inafungua kwanza ukurasa wa kujaza namba ya risiti; nikaijaza mara moja kwa simu kupitia ruta, na laptopu nayo ikapita bila kuulizwa. (Ukurasa huo ukigoma kutokea, zima VPN kwanza. Nilipoteza robo saa kulijua hilo.)

Saa mbili kamili nilikuwa nimeketi kitandani, mto mgongoni, chai ya maziwa pembeni, mbele yangu mwanafunzi mwingine wa somo lile lile. Nikamwambia: kidirisha, umoja ki-. Wingi vi-. Vidirisha. Akarudia, nikamsikia mpaka silabi ya mwisho.