Penye Njia Pana Nia

"Penye nia pana njia" imepakwa rangi kwenye kuta za shule nyingi nchini, hivi kwamba hakuna anayeihoji tena. Inatuambia kuwa nia hutangulia: ukitaka kwa dhati, njia itajitokeza. Upande wake wa pili hauandikwi ukutani ila sote tunausikia, kwamba asiyeiona njia hakutaka vya kutosha. Hapo methali nzuri inageuka hukumu.

Mwaka juzi mkataba wangu wa kazi uliisha na haukuongezwa. Kwa miezi mitano nilikuwa naamka saa sita mchana, nakula chipsi siku nikikumbuka kula, na simu siiweki chini hadi saa tisa usiku. Watu walionipenda walikuwa na neno moja tu: jikaze. Sasa, kumwambia aliyeishiwa na hamu atafute hamu kwanza, si ni kama kumwambia aliyeishiwa na unga akakope kwa sufuria yake mwenyewe?

Kilichonitoa kitandani hakikuwa nia. Kilikuwa maji. Kwenye ploti yetu mfereji hutoa maji Jumanne na Ijumaa alfajiri tu, na mtungi mtupu hausikii maelezo. Nilishuka na kupanda ghorofa tatu, mara nne, nikiwa nimenuna. Kwa kuwa tayari nilikuwa macho na nimevaa viatu, nikaenda kununua maziwa. Mama mboga aliye karibu na duka akanizoea, nikikosa kupita, kesho yake ananiuliza, "Jana ulilala njaa ama?" Baada ya wiki kadhaa nilikuwa natembea hadi barabara kuu na kurudi bila kutumwa na maji wala maziwa. Usingizi nao ukarudi usiku, mahali pake. Hamu ilikuja mwisho kabisa, ikiburura miguu.

Aristotle aliliona jambo hili zamani. Mtu huwa mwashi kwa kujenga, alisema, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Kisha akajiuliza swali ambalo wahubiri wa kujikaza hulikwepa: nitatendaje jambo la uadilifu kabla sijawa mwadilifu? Jibu lake ni kwamba mtu anaweza kulifanya jambo sawasawa kwa bahati, au kwa kuelekezwa na mwingine, kabla halijawa lake. Kwa bahati au kwa kuelekezwa! Yaani mwanzo wa tabia njema unaweza kutoka nje ya mtu kabisa.

Nikikubali hivyo, sifa zinanipita. Siku hizi watu huniambia, "Kweli ulijikaza," nami sijui niwajibu vipi. Ratiba ya maji ndiyo iliyojikaza. Na kama sifa si yangu, lawama za ile miezi mitano nazo zilikuwa za nani? Sisemi kwamba mtu hana wajibu wowote. Nadhani wajibu huanza baadaye kidogo kuliko tunavyodhani: njia ikishapatikana, kuipalilia isiote nyasi ni kazi yangu, na hapo ukinilaumu nitakusikiliza.

Tunakoseana pia kwenye hesabu ya siku. Mtaani utaambiwa tabia hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo inahusishwa na Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea uso mpya. Lile "angalau" likapotea njiani. Watafiti wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikadiria wastani wa siku 66, wengine 18, wengine hadi 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Fikiria ni wangapi wamejiita wavivu siku ya 22.

Kuna hali ambayo maji ya alfajiri hayaitoshi. Sonona ni ugonjwa, nayo hutibiwa hospitalini, na huko kupelekwa na mtu mwingine ni bora kuliko kungojwa uwe na hamu ya kwenda.

Binamu yangu sasa yuko pale nilipokuwa. Sijamwambia ajikaze. Nilimwomba anisaidie kubeba vitu sokoni Jumamosi asubuhi, kwa sababu kweli mikono yangu miwili haitoshi, na nikampigia simu alfajiri kumwambia niko njiani. Alitoka nje akiwa na sandali na shati la kulalia, tumechelewa saa nzima. Vitunguu vya bei nafuu tulikuta vimekwisha. Tukanunua vya bei ghali, akabeba yeye.