Roho ya Nani Iko Rehani?

Mbio za baiskeli za kuteremka mlima ni mchezo wa ajabu kidogo. Washindani hawashuki pamoja. Mmoja anaachiwa kileleni, saa inaanza kuhesabu, mwenzake anasubiri zamu. Humwoni unayeshindana naye. Unaona mawe, mizizi, kona na vumbi lako mwenyewe. Njia za mashindano makubwa ya dunia huwa na kilomita mbili tatu, na mahiri huzimaliza kwa dakika tatu hadi tano. Pedali zinapigwa, lakini kazi kubwa ya kusukuma inafanywa na mlima, tena bila upendeleo. Bingwa anajulikana kwa breki: anazishika wapi, anaziachia lini.

Vijana wa California walioanza kushindana hivi Oktoba 21, 1976, walikuwa na baiskeli kuukuu za gia moja. Njia yao ilishuka karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushee. Breki zilikuwa zile za kurudisha pedali nyuma, na mpaka wafike bondeni grisi ndani ya habu ilikuwa imeungua, inafuka moshi, ikabidi ipakwe upya kabla ya kushuka tena. Ubingwa rasmi wa dunia ulikuja baadaye sana, 1990, Durango, Colorado.

Niliposoma habari za grisi ile nilicheka. Harufu ya breki zilizoungua ni ya nyumbani. Simama kwenye miteremko ya Iwambi au Kitonga, huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mchana wa jua kali, malori ya mizigo yanaposhuka, utaisikia kabla hujaliona lori lenyewe.

Kilele cha mlima Loleza kina mita 2,656, mji wa Mbeya uko chini yake kwenye mita 1,700 hivi, na sijasikia mtu aliyechora njia ya mashindano hapo kati. Mteremko kwetu ni kazi. Viazi vya Umalila lazima vishuke Mbalizi, mkaa lazima ushuke mjini. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila wa baiskeli bado wapo: breki za vyuma zilizokwisha kulegea, gunia la lumbesa kwenye keria, na mguu mmoja nyuma, katambuga ikiusugua mpira wa tairi mpaka itoe moshi. Huyo hana saa ya kumpima wala kofia ngumu. Akifika na viazi vyake vyote, basi.

Nimewatazama watu hao kwa muda mrefu, na nikaona kitu ambacho mwanamichezo wa kule hahitaji kukijua. Mzigo unampa kasi asiyoiomba. Baiskeli tupu ukiishika breki inatii. Yenye lumbesa inakusukuma kwa uzito uleule unaotarajia kuuza sokoni. Kwa hiyo mwenye mzigo mkubwa huanza kuzuia mapema, pale ambapo kijana asiyebeba kitu bado anapiga mbinja. Hakuna aliyewafundisha darasani. Madereva wa zamani nao walikuwa na kauli yao, kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Sasa njoo Kitonga. Unatoka Iringa, umepita Ilula na matenga yake ya nyanya, halafu ardhi inakatika na barabara inaanza kujipinda kuelekea Ruaha Mbuyuni. Baridi inabaki juu, joto linakupokea chini. Basi lina watu zaidi ya hamsini. Mbele kuna lori linalotambaa, na dereva wetu anataka kulipita kabla ya kona. Mama mmoja anaita, "Konda, mwambie suka apunguze!" Konda anajibu, "Mama yangu, tulia, suka anaijua hii njia." Basi zima linacheka. Wapo hata wanaomsifu dereva: leo tutawahi.

Kicheko kile kinaniudhi kuliko mwendo wenyewe. Mimi si adui wa mbio za hatari, wala sisemi wanaoshindana kwa baiskeli wako salama. Agosti 2022, Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Timu ya Amani, alianguka katika mbio za njia za vumbi huko Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Msiba ule uliwaumiza wapenda baiskeli wa Afrika Mashariki yote. Lakini aliyeingia mashindanoni aliiweka rehani roho yake mwenyewe, kwa hiari. Dereva wa Kitonga anaweka rehani roho za watu waliolipa nauli, halafu tunaliita hilo ujasiri kwa jina lilelile.

LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, imefunga vifaa vya kufuatilia mabasi, na ukomo ni kilomita 80 kwa saa. Vizuri. Ila themanini kwenye kona za Kitonga ni wazimu, na hakuna kifaa kinachojua kwamba nyuma amekaa mtoto wa miezi minne. Abiria anajua. Anaogopa kuitwa mshamba, ndiyo maana ananyamaza.

Wakichora njia pale Loleza nitakwenda kushangilia, tena nitasimama kwenye kona mbaya kuliko zote. Ndani ya basi la Iringa nitaungana na yule mama kupiga kelele, na konda acheke anavyotaka.