Noti Iliyokufa

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2019, zile noti za kale za shilingi elfu katika Kenya zilikoma kuwa fedha. Watu walikuwa wamepewa muda wa kuzibadilisha tangu Juni. Usiku ule haikupungua noti hata uzi mmoja; karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Lakini bibi kizee aliyezifungia noti zake ndani ya kasha akazisahau, asubuhi yake aliamka na makaratasi.

Basi na tuulize, ndugu msomaji: kilichotoka ni nini, na kilikuwa wapi?

Wako wanafalsafa wasemao kwamba hakuna kilichopo ila maumbile, yale yapimwayo kwa mizani na kuonekana kwa darubini. Hao na waipime noti wapendavyo. Thamani yake hawataiona. Wako na wengine wasemao kwamba vitu vyote ni kazi ya watu, havikuwa mpaka tulipokubaliana kuviita. Hawa hupenda kuitaja Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930 ikahesabiwa sayari, kisha mwaka 2006 wataalamu wa nyota wakapiga kura mjini Prague ikatolewa katika hesabu. Ajabu ni kuwa mfano huo wawageukia wenyewe. Kilichobadilika ni daftari. Pluto yenyewe, mawe na barafu yake, yalizunguka jua kwa miaka 248 kama zamani, wala haina habari ya kura.

John Searle, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1995 aliyatenga mambo haya: mlima upo, tuwepo tusiwepo, fedha haipo ila kwa kukubaliana kwetu. Nami nakubali, lakini hapo ndipo penye hatari. Vijana wakisikia hayo husema: basi deni na ahadi ni maneno ya watu tu, tuliyoyafunga tutayafungua. Sivyo. Kitu kufanywa na watu si dalili ya kuwa si kweli. Aliyekopa noti moja ya elfu mwezi wa Agosti hakusamehewa Oktoba kwa sababu karatasi aliyoipokea imekufa. Deni hufungwa na wawili, na mmoja peke yake hana mkono wa kulifungua.

Na yule bibi je? Tukisema “tulikubaliana”, yeye alikuwamo? Hakuulizwa noti ilipozaliwa, wala hakuulizwa ilipokufa. Tangazo lilikuwa gazetini, naye huenda hajui kusoma. Hasara aliyoipata, hata hivyo, haikuwa ya maneno. Ilikuwa ni unga, na mafuta ya taa.