Nyumba ya Mapumziko na Njia ya Pwani

Tangu habari za gesi zivume hapa Mtwara, viwanja vya pwani vimepata wanunuzi wasiokuja kuishi. Wanataka nyumba ya likizo tu, Msimbati, Mikindani, popote penye mchanga mzuri. Je, tunakosa tukiwauzia? Na tukinunua sisi wenyewe?

Kupumzika si dhambi. Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba. Na bei ikiwa nzuri, wengi wetu huona neno limekwisha. Lakini tusome tena 1 Wafalme 21. Kabla damu haijamwagika, Ahabu alitaja bei ya haki, hata shamba bora zaidi. Nabothi alikataa kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa wake peke yake.

Hapo ndipo penye shida yetu. Mtu anauza minazi yake, ni haki yake. Ila ukuta ukijengwa unafunga pia njia wanayopita mama zetu maji yakipwa, kwenda kutafuta pweza na chaza. Njia hiyo haikulipiwa na mnunuzi, wala muuzaji hakuwa nayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inaiweka halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini wa wanakijiji, si mwenye mali.

Baadhi ya wazee wetu wa kanisa ni wajumbe humo. Mkiletewa karatasi ya kutia sahihi, ulizeni kwanza njia inapita wapi, na makaburi yako upande gani wa ukuta.