Ahadi za Amani na Vitendo vya Wenye Nguvu

Katika mambo yanayotatiza fikra za watu ni hili: neno la haki likitoka kinywani mwa mtu ambaye mwenyewe halitendi, je, hubakia kuwa haki, au hubatilika pamoja na msemaji wake? Swali hili si la kupitishia wakati, kwani mataifa mengi yalijenga matumaini yao juu ya ahadi za wakubwa. Natulipime kwa watu wawili, Lenin wa Urusi na Wilson wa Marekani, ambao katika Vita Vikuu vya 1914 hata 1918 walishindana mbele ya ulimwengu kwa mapendekezo ya amani.

Wa kwanza wao alikuwa Lenin. Tarehe 8 Novemba 1917, siku moja baada ya chama chake kutwaa utawala, mkutano wa Masovieti mjini Petrograd ulipitisha Amri ya Amani aliyoiandika yeye. Amri hiyo ilitaka vita visimame, pasiwe na kunyang'anyana nchi wala kutozana fidia. Ikaeleza kwamba kunyang'anya ni kuliunganisha taifa dogo au dhaifu na dola kubwa bila ya ridhaa yake, iwe jambo hilo lilitendeka karibuni au zamani, na liwe taifa hilo liko Ulaya au ng'ambo ya bahari. Hazikupita siku nyingi serikali yake ikaitoa hadharani mikataba ya siri, na miongoni mwayo ule wa 1916 ambao kwao Uingereza na Ufaransa ziligawanyiana nchi za Waarabu.

Kisha, tarehe 8 Januari 1918, Rais Wilson alitaja mbele ya Bunge la Marekani masharti yake kumi na manne. Alitaka mikataba iwe ya wazi, Poland iwe dola huru, mataifa yaliyokuwa chini ya Mturuki yapewe nafasi ya kujiendeleza, na uundwe ushirika wa mataifa utakaowalinda wakubwa na wadogo. Ama makoloni, alisema kwamba maslahi ya wenyeji yawe na uzito sawa na madai ya haki ya serikali inayotaka kuwatawala.

Mwenye kuzingatia ataona tofauti. Kwa maneno, ahadi ya Lenin ilikuwa pana zaidi, kwani ilimhesabu Mhindi na Mmisri sawasawa na Mpolandi. Wilson alimtia mtawala na mtawaliwa katika mizani moja, kana kwamba aliyeingia nyumba ya mtu ana haki sawa na mwenye nyumba. Lakini Wilson alileta jambo lisilokuwamo katika Amri ya Lenin, nalo ni baraza la kudumu la kuzilinda ahadi. Na haki isiyo na kadhi hubaki mikononi mwa mwenye nguvu.

Sasa tutazame vitendo. Lenin aliukubali uhuru wa Finland mwezi wa Desemba 1917. Lakini Februari 1918 askari wa Kisovieti kutoka Tashkent waliiangamiza serikali ya Waislamu wa Turkestan iliyotangazwa Kokand. Na Georgia, ambayo Urusi iliukubali uhuru wake kwa mkataba wa Mei 1920, iliingiliwa na Jeshi Jekundu Februari 1921. Wilson naye, alipokuwa akiyataja masharti yake, askari wake walikuwa wakiikalia Haiti tangu 1915. Na Aprili 1919, wakati Saad Zaghlul na wenzake walipokwenda Paris kuudai uhuru wa Misri kwa hoja zile zile za Wilson, serikali ya Marekani iliutambua utawala wa ulinzi wa Uingereza juu ya nchi yao.

Afrika ya Mashariki nayo iliionja ahadi ya namna hii. Lloyd George, Waziri Mkuu wa Uingereza, alisema tarehe 5 Januari 1918 kwamba katika makoloni ya Ujerumani matakwa ya wenyeji yatatangulizwa. Mei 1919 Tanganyika ikapewa Uingereza, na Ruanda na Urundi zikapewa Ubelgiji. Wenyeji, ambao maelfu kwa maelfu yao walikufa wakibeba mizigo ya majeshi, hawakuulizwa.

Wako wasemao: basi maneno yote yale yalikuwa hadaa, na yatupwe. Rai hii hatuikubali. Ahadi ni deni, wala deni halifutiki kwa kuwa mdaiwa ni mwongo. Aliyeahidi hadharani amempa aliyeahidiwa hoja, na hoja hiyo hubaki hata msemaji akiikana. Tarehe 14 Desemba 1960 nchi 43 za Afrika na Asia zilileta mbele ya Umoja wa Mataifa azimio la kukomesha ukoloni, likapita kwa kura 89 bila ya mpinzani. Nchi 9 zilijizuia kupiga kura, na miongoni mwao ni Uingereza, Ufaransa, na Marekani yenyewe. Wadogo waliyatwaa maneno ambayo wenyewe waliyaacha.

Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwaka 1962 tume ya Uingereza iliona kwamba Wasomali walio wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikaamua nchi hiyo ibakie Kenya, na vita vikafuata hata 1967. Waliotetea mipaka walisema kwamba kila kundi likijitenga, fitina haitakuwa na mwisho. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ndiyo hoja iliyotolewa na watawala wa kila zama, na aliyedai jana kuulizwa hana budi aeleze kwa nini jirani yake asiulizwe.

Kwa hivyo upana wa ahadi si kipimo. Mwenye kuahidi haki atazamwe kwanza kwa wale walio chini ya mkono wake, ambao kuwapa haki yao kutamgharimu yeye mwenyewe. Hapo ndipo Lenin na Wilson walipopungukiwa, na hapo ndipo dola lolote lililopata uhuru wake linapopasa kupimwa.