Kuiweka Kazi Chini Jioni



Jua limekwisha kutua, jembe limeegemezwa ukutani, kitabu cha hesabu kimefungwa. Lakini mwenye kazi amelala macho wazi. Mwalimu awahesabu tena watoto wasiofika shuleni, mkulima aipima kahawa isiyochumwa bado. Mwili umerudi nyumbani, bali moyo umebaki kazini. Mimi nami nayajua haya: mara nyingi nimetunga hotuba ya Jumapili usiku wa manane, na kulipokucha sikukumbuka hata neno moja.

Philipp Melanchthon, aliyeliandika Ungamo la Augsburg, alipatwa na jambo hili hili. Tarehe 25 Juni 1530 Ungamo lilisomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano. Kazi ya mkono wake ilikuwa imekwisha. Walakini hakupata raha: Kaisari atajibu nini? Makanisa yatapatwa na nini? Akamwandikia Martin Luther habari za huzuni na machozi. Luther alikuwa katika ngome ya Coburg, maana tangu mwaka 1521 alikuwa chini ya hukumu ya dola, wala hakuweza kufika Augsburg. Tena kichwa chake kilikuwa kikivuma kwa ugonjwa. Akamjibu kwamba masumbufu hayo hayatoki katika ukubwa wa jambo, ila katika upungufu wa imani. Ni neno gumu kumwambia rafiki anayelia! Lakini yeye aliyelisema alikuwa akimwombea kwa bidii.

Bwana wetu alisimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu, kisha akalala. Nayo ikamea, yeye asijue jinsi ilivyomea (Marko 4). Angalieni, mtu yule halaumiwi kwa kulala kwake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupanda. (Asiyepanda, huyo nisimtulize.) Kumea si kazi yake, hata angalikesha shambani na taa mkononi.

Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alitia sala ya jioni: tunamshukuru Baba, tunaomba msamaha wa makosa ya mchana, tunajiweka mikononi mwake, mwili na roho na vitu vyote. Kisha akaongeza agizo fupi, ambalo twawafundisha watoto na sisi wenyewe twalisahau: ukiisha kusali, lala mara moja, kwa furaha. Basi usiku huu, ndugu, ukiisha kusema Amina, usikifungue tena kile kitabu cha hesabu.